Amelala, lakini anasikia

Nusukaputi tunaiita usingizi, ila ndani yake mna mambo matatu: kupoteza fahamu, kuzuia maumivu na kulegeza misuli. Tatizo linaanzia hapo. Misuli ikiwa imelegezwa kabisa kisha fahamu zikarudi, mgonjwa hawezi kufumbua jicho wala kuinua kidole. Zamani za etha, aliyeanza kuzinduka alijitikisa, na daktari akajua. Tangu kurare ilipoanza kutumiwa kwenye upasuaji huko Montreal mwaka 1942, ishara hiyo haitegemewi tena.

Katika upasuaji wa moyo hatari huzidi. Dawa nyingi za usingizi hushusha shinikizo la damu, na moyo dhaifu haustahimili. Kwa hiyo mtaalamu hulazimika kupunguza kipimo. Baadaye damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Moyo umesimamishwa: utahesabu mapigo gani? Tena, kwa kuwa hewa ya mapafuni haitegemewi wakati huo, dawa ya mvuke lazima ipitie kwenye mashine yenyewe, au itumike ya mshipani. Ikisahauliwa, usingizi hupungua kimyakimya.

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa 1 kwa takriban nusukaputi 19,000. Kwa upasuaji wa moyo na kifua ilikuwa 1 kwa 8,600. (Upasuaji wa kujifungua ulizidi zote, 1 kwa 670, sikulitarajia hilo.) Lakini hao ni waliosema wenyewe. Wagonjwa wakihojiwa mmoja mmoja, hupatikana 1 au 2 katika kila 1,000. Wengi, basi, hunyamaza mpaka waulizwe.

Maswali yenyewe ni mepesi, na yametumika tangu 1970: Unakumbuka nini cha mwisho kabla ya kulala? Cha kwanza ulipoamka? Kati ya hapo je? Uliota? Rudia baada ya siku chache, maana kumbukumbu nyingine huchelewa.

Nawaambia hasa wenzangu wa kitivo cha tiba tunaozunguka wodini. Mgonjwa akikwambia, "Niliwasikia mkizungumza," usimjibu kwamba aliota. Wengine hubaki na majinamizi kwa miaka, na kutoaminiwa huwazidishia. Keti, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha mwite aliyempa dawa ya usingizi aje amsikilize mwenyewe.