Hesabu zinakubali, roho inasita

SWALI: Nimesoma ripoti za miaka mitano za kampuni moja iliyoko Soko la Hisa la Dar es Salaam. Faida inapanda, gawio halijakatika, lakini roho inasita. Nifuate kipi?

JIBU: Vyote, ndugu yangu, ila kwa mpangilio. Miaka ya 1950 Daniel Kahneman, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alibuni usaili wa askari wapya wa Israeli. Msaili alipima sifa sita, moja moja, kwa alama. Mwishoni alifumba macho na kutoa alama ya hisia tu. Alama hiyo ilitabiri vizuri sawa na jumla ya zile sita. Ilikuja baada ya kazi, si kabla.

Nawe kazi umeshaifanya, kwa hiyo usiipuuze roho yako, ihoji. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida ikikua huku fedha taslimu kutoka shughuli za biashara zikipungua na wadaiwa wakirundikana, huenda ndicho ulichokinusa. Usipokiona, jiulize unaijua sekta hiyo kiasi gani. Muuza saruji mzoefu akihofia kampuni ya saruji, namsikiliza; akihofia benki, simsikilizi sana. Iandike hofu yako kwa sentensi moja, weka tarehe, usubiri ripoti ya robo mwaka ijayo.