Ruzuku ya Unga Humfikia Nani?

Katika darasa letu la baada ya Alasiri ndugu mmoja alituuliza: "Serikali iliposhusha bei ya unga kwa ajili ya maskini, mbona jirani yangu mjane alikwenda dukani siku tatu akarudi mikono mitupu? Je, ruzuku hii ni kheri au ni shari?" Twaona yafaa kulijibu suala hili hapa, kwani wengi walikuwa nalo vifuani ila waliona haya kuuliza.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja, zote zatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Lakini Mola huruzuku kutoka hazina isiyopungua, na serikali hutoa katika mfuko uliojazwa na watu. Na katika watu hao yumo mjane huyo huyo, ambaye kila anunuapo kipande cha sabuni hulipa kodi pasi na kujua.

Mwezi wa Mei 2017 serikali ya Kenya iliamuru pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 iuzwe shilingi 90, na wenye vinu wakauziwa gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300. Mwezi wa Julai 2022 bei ikateremshwa tena, kutoka shilingi 205 hadi 100. Mara zote mbili ulikuwa ni mwaka wa uchaguzi. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Bei ikiamriwa kuwa chini ya gharama, mwenye kinu hasagi kwa hasara, bali hungoja serikali imlipe kilichopungua. Malipo yakikawia, husaga kidogo. Tena unga ukiuzwa nusu ya thamani yake, haununuliwi na maskini peke yake: huununua mwenye ghorofa, na mwenye hoteli, na mwenye duka aufichaye hata bei irudi. Tajiri huchukua marobota siku ya kwanza. Mjane, ambaye hulipwa kibarua chake jioni, hufika hali rafu ni tupu. Mwaka 2017 maduka mengine yaliweka kikomo cha pakiti mbili kwa mnunuzi, lakini kikomo hakimfai asiyekuwa na fedha asubuhi.

Katika mafuta jambo hili ladhihirika zaidi. Tuseme serikali yabeba shilingi 20 katika kila lita. Mwenye gari kubwa akijaza lita 60 amepewa shilingi 1,200. Mama wa Kisauni anunuaye nusu lita ya mafuta ya taa amepewa shilingi 10. Rais Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022 alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na ile ya unga bilioni 7 kwa mwezi mmoja.

Walakini hatusemi kwamba kuiondoa ghafla ni uadilifu. Siku mbili baada ya hotuba ile, mafuta ya taa mjini Nairobi yalipanda kutoka shilingi 128 hivi hadi 148. Mwenye gari alinung'unika. Anayekula alichochuma leo alilala kizani.

Lililo karibu zaidi na haki, kwa rai yetu, ni kumsaidia mtu na si kuisaidia bei. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hii hailiwi na mwenye ghorofa. Mzee hulipa deni lake dukani, muuza duka hununua mzigo mwingine, na fedha yazunguka pale pale mtaani. Ila ina kasoro mbili: mara nyingi hucheleweshwa kwa miezi, na haipandi bei zipandapo. Unga ukiwa shilingi 100, hiyo ni pakiti 20. Ukiwa 205, ni pakiti 9 tu na chenji. Wala fedha haioti mahindi. Mwaka wa ukame, ghala likiwa tupu, hapana budi chakula chenyewe kiletwe.

Ama suala la pili la ndugu yetu, kuhusu muuza duka aliyemuuzia jirani yake pakiti ya shilingi 100 kwa shilingi 150 kwa mlango wa nyuma, hilo ni la mlango wa biashara, na tutalisoma katika darasa lijalo inshallah.