Bolti Iliyolika Kichwa

Huku kwetu Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, pikipiki hubeba hata wagonjwa. Bolti ya kumwagia oili ikilika kichwa, spana huteleza. Oili chafu inabaki ndani, inasaga injini.

Usilazimishe. Sisi tulilazimisha, kichwa kikawa mviringo kama kifungo! Futa vumbi, tia mafuta ya taa, acha usiku kucha. Asubuhi igonge kidogo kwa nyundo. Kisha piga tupa pande mbili zinazotazamana, ikamate kwa spana ya bomba, fungua kwa kushoto. Wako wanaowasha moto. Hiyo hapana, tangi la petroli liko juu yake.

Bolti mpya kaza kwa kiasi. Injini ni ya aluminiamu. Meno ya tundu yakikatika, oili itavuja njiani.