Harusi ya Kikauboi Mahoko: Vidokezo 8

Kofia pana, buti, marobota ya nyasi kavu, gitaa pembeni: wachumba wengi wanautamani mtindo huu kwa sherehe yao. Mkiwa Mahoko mna bahati kubwa kuliko wa Kigali. Mko kwenye barabara kuu ya Musanze na Rubavu, na malisho ya Bigogwe na Gishwati ni majirani zenu. Ng'ombe wapo, wachungaji wapo. Basi msianzie kwenye duka la mapambo.

1. Gusaba, sherehe ya posa, iacheni kama ilivyo.
Siku wazee wa pande mbili wanapokaa kushindana kwa maneno, ng'ombe wa mahari akatajwa, na mghani akasimama kumsifu kwa majina yake, kofia ya kikauboi haina kazi pale. Akina mama na bibi harusi wavae mishanana yao. Kwenye ofisi ya sekta na kanisani vilevile, heshima ya mahali itangulie. Ukauboi uingie kwenye mapokezi, baada ya yote hayo, na hapo uingie kwa nguvu zote.

2. Igeni mchungaji wa hapa kabla ya mwigizaji wa sinema.
Mtazameni mchungaji wa Bigogwe asubuhi ya baridi: kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, koti zito, buti za mpira zenye tope, fimbo imelazwa mabegani na mikono yote miwili imetundikwa juu yake. Huyo ndiye kauboi wenu, na bwana harusi akisimama hivyo kwenye picha, kila mgeni atamtambua. Na asije mtu akawaambia mnaiga mambo yasiyowahusu Waafrika. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne wa Marekani ya karne ya 19 alikuwa Mweusi. Bill Pickett, aliyepata sifa kwa kumwangusha fahali kwa mikono, alikuwa mmoja wa warithi wao. Hapo Kongo, miaka ya 1950, vijana wa Kinshasa walizipenda filamu za makauboi hadi wakajiita Mabill, kwa jina la Buffalo Bill, wakajitungia mavazi na lugha yao. Ukauboi wa Kiafrika una umri mkubwa kuliko wengi wa wazazi wenu.

3. Nguo: msitegemee caguwa peke yake.
Mwaka 2016 ushuru wa caguwa, yaani mitumba, nchini Rwanda ulipanda kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na jinzi nzuri ya caguwa si rahisi tena. Nunueni kitambaa cha jinzi mpeleke kwa fundi cherehani, mapema. Kwa wasimamizi wa harusi, shati la mirabaraba, kizibao cha jinzi na kitambaa shingoni vinatosha. Bibi harusi abaki na gauni lake jeupe na buti chini yake. Kule malishoni buti zitamfaa kuliko visigino virefu.

4. Ng'ombe, wala si farasi.
Farasi ni wachache nchini, na kumsafirisha mmoja milimani kwa ajili ya picha chache ni kumtesa bure. Nendeni ninyi kwa ng'ombe. Pale Bigogwe, shamba la utalii la Ibere rya Bigogwe limezoea kupokea wageni wanaotaka kuona maisha ya wafugaji. Kwingineko, zungumzeni na mwenye mifugo, mkubaliane malipo, mwende saa ya kukamua, na mchungaji wa siku zote awe karibu. Mnyama asiletwe kamwe ukumbini penye spika.

5. Mapambo yasiyo ya plastiki.
Hapa sheria inawasaidia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vya kutumika mara moja. Kwa hiyo magunia ya viazi yaliyofuliwa yawe vitambaa vya meza, uzio wa fito uwe ukuta wa picha, na debe la chuma la maziwa lijazwe maua. Sokoni Mahoko mtapata magunia bila shida. Marobota ya nyasi yafunikeni shuka kabla ya watu kukalia, maana nyasi huchoma miguu.

6. Tarehe ni suala la usalama.
Chagueni Juni hadi Agosti. Masika ya Machi hadi Mei si mchezo huku: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo zake, na mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua watu zaidi ya 130 kaskazini na magharibi mwa nchi. Zipo familia ambazo bado zinaomboleza. Uwanja wowote ulio bondeni, ukaangalieni baada ya mvua kubwa kabla ya kulipa chochote. Hata kiangazi usiku ni wa baridi, kwa hiyo andaeni shuka nzito kwa wazee.

7. Bastola za kuchezea, hapana.
Si mkononi mwa watoto, si kwenye picha, si kwenye keki. Katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994, kila harusi ina mgeni ambaye silaha haijawahi kuwa mchezo kwake. Na manyoya ya kichwani ya wenyeji wa asili wa Marekani yaacheni pia. Ni mavazi ya heshima ya watu wengine. Kamba, kofia na gitaa vinatosha.

8. Meza na muziki.
Brosheti za mbuzi, viazi vya hapa, mahindi ya kuchoma, jibini ya Gishwati. Maharusi wanyweshane maziwa kwenye icyansi, chombo cha asili cha maziwa, na shampeni iachwe. Kwa muziki, wekeni Jim Reeves na Don Williams, wazee wataimba nao. Ongezeni Sir Elvis, Mkenya anayeimba kantri kwa moyo wote. Katikati, zimeni spika na mumwite mchungaji aimbe amahamba, nyimbo za kuwaimbia ng'ombe, bila ala yoyote. Kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji, mwambieni mapema mtamaliza saa ngapi, na DJ aijue saa hiyo kabla hajafunga nyaya.