Nakala Moja Zaidi, Nakala Moja Pungufu

SWALI: Msomaji wa Luberizi, katika Uwanda wa Ruzizi, anauliza kwa nini mtoto wa miaka 12 hujikwaa kila mara na nyayo zake zimepinda kama upinde, sawa na za baba na babu yake, na kama ni kweli kwamba ukoo huo umelogwa.

JIBU: Udhaifu unaorithiwa hivyo hufanana sana na ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, wenye majina ya madaktari watatu, wawili Wafaransa na mmoja Mwingereza, walioueleza mwaka 1886. Nyuzi nene za neva ziendazo miguuni na mikononi huviringishiwa ala ya mafuta na protini iitwayo mielini, ambayo hutengenezwa na seli za Schwann na huuwezesha ujumbe kusafiri kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde.

Protini mojawapo ya ala hiyo hutokana na jeni ya PMP22, iliyomo katika kromosomu ya 17, na kwa kawaida kila mtu ana nakala 2, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1991 ilibainika kwamba wagonjwa wengi wana nakala 3: jeni yenyewe ni nzima, lakini protini huzidi, mielini hubomoka na kujengwa tena hadi tabaka za seli huuzunguka uzi wa neva kama maganda ya kitunguu, na kasi hushuka hadi mita 20 hivi. Mwenye nakala 1 tu, hali iliyobainishwa mwaka 1993, neva zake hulemewa upesi zikibanwa, hata mkulima aliyechuchumaa asubuhi nzima akipalilia mpunga huweza kuinuka mguu ukiburuta kwa wiki kadhaa. Mpunga nao huharibika maji ya mfereji yakifurika, na huharibika yakikauka, ingawa maji ni yale yale.

Hata hivyo, mtoto huyo apimwe kwanza na daktari, kwa maana ukoma pia hushambulia seli za Schwann na una dawa inayoponya, na konzo, itokanayo na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hukaza miguu ghafla. Kinyundo kikigonga chini ya goti, mguu wa mwenye konzo huruka kwa nguvu, ilhali wa mwenye Charcot-Marie-Tooth aghalabu hutulia tuli.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana, lakini mazoezi ya viungo, viatu vinavyoshika kifundo na upasuaji wa kunyoosha nyayo humsaidia mgonjwa kutembea, na kwa kawaida umri wake haupungui. Kila mtoto wa mzazi mwenye nakala 3 ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo hakuna jirani wa kushukiwa wala mzazi wa kulaumiwa, na mtoto huyo astahili kuendelea na shule.