SOMO LA AFYA: Baada ya Mimba Kutunga Nje ya Mfuko wa Uzazi

Katika toleo hili, safu yetu inageukia jambo ambalo wananchi wengi hulisikia kwa mnong'ono. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu dalili za mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: maumivu makali ya tumbo, kutokwa damu na kuzirai kwa mwanamke aliyekosa siku zake. Yanayosemwa kwa nadra ni yale yanayofuata baada ya mama kuokolewa.

Ieleweke kwanza kilichotokea. Yai lililorutubishwa hupaswa kusafiri hadi kwenye mfuko wa uzazi. Likijishikiza njiani, katika zaidi ya visa 9 kati ya 10 huwa ni ndani ya mrija wa uzazi, ambao hauwezi kutanuka na mwisho wake waweza kupasuka, damu ikamwagikia tumboni. Mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa mahali pake. Hakuna hospitali duniani iwezayo kufanya hivyo. Tunalisisitiza hili kwa kuwa akina mama wengi hurudi nyumbani wakijiuliza iwapo mtoto angepona kama wangewahi. Kuwahi huokoa maisha ya mama, na pengine mrija wake. Mtoto asingepona. Wala si jembe, ndoo ya maji au safari ya bodaboda iliyosababisha. Maambukizi ya zamani kwenye mirija huongeza hatari, lakini takribani nusu ya wanawake wanaopatwa hawana kihatarishi chochote kinachojulikana.

Mama aliyefunguliwa tumbo huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kurejea kazi nzito. Familia na wapime wenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, na mshono mbichi hauwezi kuustahimili. Hata hivyo asilale kutwa. Kutembea taratibu kuzunguka nyumba huzuia damu kuganda miguuni. Kutokwa damu kidogo ukeni kwa wiki moja au mbili ni kawaida. Waliopoteza damu nyingi hupewa vidonge vya madini ya chuma, na choo kikiwa cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo, mama asishtuke. Maini, dagaa na maharage humsaidia, pamoja na mboga za majani zilizokamuliwa limau. Chai isinywewe karibu na muda wa kumeza vidonge, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Homa, usaha kwenye kidonda, maumivu yanayozidi, maumivu ya ncha ya bega au kuzirai ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Aliyetibiwa kwa sindano ya methotreksati bila upasuaji yumo katika uangalizi bado, kwa kuwa mrija waweza kupasuka hata baada ya sindano. Ni lazima arudi kupimwa damu hadi homoni ya ujauzito iishe. Asinywe pombe, na asimeze vidonge vya FEFO hadi daktari amruhusu, kwa sababu vina asidi ya foliki inayopingana na dawa hiyo. Kila aendapo zahanati aoneshe karatasi yake ya kuruhusiwa. Asishike mimba kabla ya miezi 3 kupita. Na mwenye kundi la damu hasi aulize kuhusu sindano ya anti-D, ambayo hutolewa ndani ya saa 72.

Upande wa moyo ni mgumu zaidi kuueleza. Msiba wa kawaida una kaburi, una matanga, una majirani wanaokuja na unga na pole. Huu hauna. Mama hurejea na bandeji tumboni, na wengi mtaani hawakujua hata kwamba alikuwa mjamzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika hospitali za London, ulionesha kwamba asilimia 29 ya wanawake waliopoteza mimba changa, zikiwemo za aina hii, walikuwa na dalili za kiwewe mwezi mmoja baadaye; baada ya miezi 9 bado asilimia 18 walikuwa nazo. Dalili hizo ni ndoto za kutisha, kukosa usingizi, na kuepuka chochote kinachokumbusha siku ile.

Hapa mwandishi aruhusiwe kutoa maoni yake. Si vema mama huyu anapokuja kusafishwa kidonda aketishwe benchi moja na wajawazito wa kliniki. Chumba kingine, au hata saa nyingine, vyaweza kupatikana bila bajeti mpya.

Baba naye asisahaulike. Yeye ndiye hukimbizana na usafiri na kutafuta wachangia damu, na ni nadra kuulizwa hali yake. Aidha, ndugu waache kusema kwamba mke "amekatwa kizazi". Kuondolewa mrija mmoja hakuondoi mfuko wa uzazi, na zaidi ya nusu ya wanawake hushika mimba tena. Kwa kuwa yai laweza kupevuka hata kabla ya hedhi ya kwanza kurejea, wenzi wasiokuwa tayari watumie uzazi wa mpango. Mimba ijayo ichunguzwe kwa ultrasaundi ikiwa na wiki 6 au 7, maana takribani mwanamke 1 kati ya 10 hupatwa tena.

Mama au baba ambaye huzuni haipungui amwone mganga wa kituo chake au Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Mazungumzo ni ya siri. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri hudai cheti cha daktari, hivyo kiombwe wodini kabla ya kuondoka.