Somo: Mfumo wa Kompyuta Unaojengwa kwa Vipande

Breki za boda boda zikiharibika hapa Suneka, fundi hubadilisha breki. Hakuna anayenunua pikipiki mpya. Mifumo bora ya kompyuta hujengwa vivyo hivyo: kwa vipande, kila kimoja na kazi yake, na kinaweza kutumika tena kwingine.

Mfano mzuri ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka wa 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Kiini chake humtambua mgonjwa na kutunza historia yake. Juu ya kiini hicho huongezwa vipande vya maabara, dawa na kliniki mbalimbali. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, ulijengwa juu ya kiini hicho bila kuanza upya. Mwongozo wa matibabu ukibadilika, hurekebishwa kipande husika tu.

Aidha, rekodi huweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya kituo chenyewe. Hata intaneti ikikatika, mhudumu bado anaona dawa ulizopewa mara ya mwisho. Taarifa hutumwa mtandao ukirudi.

Lakini vipande huelewana kwa namba na majina. Ukijiandikisha kwa jina moja leo na jingine kesho, mfumo unaweza kukuona kama watu wawili, na daktari akakosa nusu ya historia yako.

Mkazi, unapokwenda kliniki, beba kitambulisho na kadi yako, na utumie majina yale yale kila mara.